Sura ya Tano: Maji Kwanza, Kamba Baadaye

Siku ya bamvua, maji yanayopita mbele ya Bandari ya Kale ya Mombasa saa nne asubuhi si maji yale yatakayokuwa hapo saa kumi jioni. Saa nne bahari imekupwa, na yanayopita ngazini wakati huo yanatoka bara. Yameshuka hori ya Tudor, yamepita kwenye mikoko, yamepokea mito ya Kombeni na Tsalu pamoja na kila uchafu uliotoka kwenye mifereji ya mitaa, ndipo yakafuata mkondo kwenda baharini. Saa kumi mambo yamegeuka. Bahari kuu imeingia kwa mlango ulio kati ya Nyali na Ras Serani, imepanda chini ya kuta za Fort Jesus, na kimo chake kimezidi kile cha asubuhi kwa mita 3 au zaidi. Teka mtungi wa maji haya uuache kivulini usiku kucha: asubuhi utakuta mchanga kidogo tu chini yake. Teka yale ya saa nne, utakuta tope.

Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na pwani yetu ina bahati kwamba saa zake hazihangaiki. Maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, yakapwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu hali hugeuka, tena bahari haipandi sana wala haishuki sana. Wavuvi wa Kibokoni na Kuze hawana haja ya kuandikiwa haya. Wewe unayeanza, tafuta jedwali la maji la bandari ya Kilindini, libandike ukutani juu ya tangi lako, na usiteke hata ndoo moja kabla ya kulitazama.

Sura hii ni ya kamba vunjajungu, na nimetanguliza maji kwa kuwa ndiyo yanayomuua. Wenzetu wa London au Chicago wanaomfuga hununua chumvi ya pakiti, wakaikoroga kwenye maji yaliyosafishwa, wakapima mpaka wapate gramu 35 kwa kila lita. Wanatengeneza bahari kutoka dukani, na kwa sababu wanaitengeneza wenyewe wanajua kilichomo. Kisiwani Mombasa bahari iko mlangoni, nayo ni bure. Basi mtu huchota popote, wakati wowote, akamtia kamba wake humo, na kamba akifa baada ya wiki mbili husema mnyama huyu hafugiki. Anafugika sana. Ni mgumu kuliko samaki wengi wa mapambo, ana akili ya kumtambua anayemlisha, na huweza kuishi miaka kadhaa kwenye tangi dogo. Asichostahimili ni maji yaliyotekwa ovyo.

Jina lisikudanganye: huyu si kamba wa sokoni. Ukoo wake uliachana na ukoo wa kamba, kaa na kamba koche mamilioni ya miaka iliyopita, na wataalamu wamekwisha kuorodhesha spishi zaidi ya 450. Silaha ndiyo inayowagawa. Kuna wachomaji, ambao hukaa kwenye mashimo ya mchanga na tope na kuchoma samaki wapitao kwa miguu yenye miiba. Mkubwa wao, Lysiosquillina maculata, ana mistari ya pundamilia na hukaribia sentimita 40. Dume na jike huishi pamoja ndani ya shimo moja. Huyo si wa tangi la nyumbani. Halafu kuna wapigaji, ambao miguu yao ya kuwindia imevimba mwishoni ikawa rungu. Hawa ndio wa mwambani, wanaokaa kwenye matundu ya mawe na vifusi vya matumbawe.

Mpigaji mwenye sifa duniani ni Odontodactylus scyllarus, aliyeelezwa kitaalamu na Linnaeus mwaka 1758. Ni wa kijani, miguu yake ina rangi ya chungwa, ubavuni mbele ana madoa ya chui, na hufika sentimita 18. Makazi yake yanaanzia pwani yetu ya Afrika Mashariki hadi Guam. Kila aliyeona picha yake humtaka. Kwa maoni yangu aachwe baharini. Ni mkubwa mno kwa tangi dogo, amezoea maji ya kina yenye mwanga hafifu, na akiwekwa penye mwanga mkali na maji yaliyochoka ganda lake huanza kuoza. Wanaotufaa ni jamaa zake wadogo wa jenasi ya Gonodactylus, kama Gonodactylus chiragra na Gonodactylus smithii, ambao wengi wao wana sentimita 5 hadi 10. Hawa huishi mahali ambapo bahari hukupwa, kwenye vidimbwi vinavyopata joto la jua la saa sita na kupoa maji yanaporudi. Mnyama aliyezaliwa kwenye vurugu hiyo anaweza kuizoea nyumba ya Mji wa Kale.

Uwezo wa kamba vunjajungu wa kupiga ndio uliomletea umaarufu, na inafaa kuueleza vizuri kwa sababu unahusu usalama wako. Mwaka 2004 Sheila Patek, Wyatt Korff na Roy Caldwell wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walimpiga picha kwa kamera za kasi wakachapisha matokeo katika jarida la Nature. Rungu lilifika mita 23 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 80 kwa saa, na hilo ndani ya maji, ambako kila kitu huenda polepole. Msuli peke yake hauwezi kazi hiyo. Kamba hukaza msuli taratibu huku mguu umefungwa kwa kitasa cha ganda, na nguvu inajilimbikiza kwenye kipande cha ganda kilichopinda kinachofanya kazi ya springi. Kitasa kikiachia, nguvu yote hutoka kwa mkupuo. Mwendo ni mkali kiasi kwamba maji kati ya rungu na windo hupasuka yakaacha povu la mvuke, na povu hilo likiporomoka hupiga tena, kipigo cha pili mara tu baada ya cha kwanza. Kwa Odontodactylus nguvu hiyo imepimwa ikafika nyutoni 1,500, uzito wa mifuko mitatu ya simenti.

Rungu lenyewe halivunjiki kwa haraka. Mwaka 2012 kundi la David Kisailus lilionyesha katika jarida la Science kwamba sehemu ya nje imejaa madini yaleyale yaliyomo kwenye mifupa na meno yetu, na chini yake nyuzi za kitini zimepangwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka limegeuka kidogo kuliko lililo chini yake. Ufa ukianza, hulazimika kuzunguka pamoja na nyuzi, nguvu yake ikaisha kabla haujafika mbali.

Ndiyo maana hashikwi kwa mkono. Hata mdogo wa sentimita 7 anaweza kupasua ngozi ya kidole. Mhamishe pamoja na jiwe lake, au mwingize kwenye kopo la plastiki. Mtu aliyezoea kukamata kaa kwa vidole asimdharau kwa udogo wake.

Na kioo je? Aprili 1998 kamba wa aina ya Odontodactylus aliyepewa jina la Tyson alivunja kioo cha robo inchi, kama milimita 6, katika jumba la viumbe vya bahari la Great Yarmouth, Uingereza. Kisa hicho kimesimuliwa mno hata watu wanadhani kila kamba vunjajungu huvunja tangi. Si hivyo. Wadogo hawana nguvu hiyo, na akishaona tundu lake liko imara hana sababu ya kugombana na kioo. Fundi wa vioo akuundie tangi la lita 60 kwa kioo cha milimita 6, aweke kipande cha plastiki ngumu sakafuni chini ya mchanga, maana kamba anapochimba pango lake hupiga chini. Mfuniko ni lazima. Wengine hupanda kwenye mpira wa hewa wakatoka.

Nyumba za mawe za Mji wa Kale zina faida ambayo fleti mpya hazina. Kuta zake nene za matumbawe na chokaa huchelewa kupata joto, na chumba cha chini kisichopigwa na jua hubaki na ubaridi hata mchana. Hapo ndipo mahali pa tangi. Maji ya bahari yetu huwa na nyuzi 25 hivi wakati wa kusi, mwezi wa Agosti na Septemba, yakapanda hadi 29 au 30 Machi na Aprili. Lakini bahari ni kubwa. Lita 60 juu ya meza karibu na dirisha zinaweza kuvuka 32 alasiri moja ya Machi, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Anayefuga Ulaya hununua kipasha joto. Sisi tunanunua feni. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji huyapoza kwa nyuzi 2 au 3.

Feni ina gharama yake, nayo ni maji kupungua. Hapa wengi huharibu kila kitu. Maji ya tangi yakipungua, chumvi haiondoki. Inabaki yote kwenye maji yaliyosalia. Lita 60 za maji ya bahari zina kilo 2.1 za chumvi. Zikipungua lita 6 kwa feni na joto, kila lita iliyobaki ina karibu gramu 39 badala ya 35. Ukijaza pengo hilo kwa maji ya bahari umezidisha chumvi, na ukifanya hivyo wiki baada ya wiki unampika kamba wako kwenye maji ya chumvi tupu. Pengo hujazwa kwa maji matamu. Piga mstari kwenye kioo kwa kalamu, na kila asubuhi rudisha maji mpaka mstarini.

Maji matamu kisiwani ni habari nyingine. Bomba la Mzima linaleta maji Mombasa tangu 1957, lakini mji umekua kuliko bomba, na mitaa mingi huishi kwa zamu za mfereji na mitungi ya lita 20 ya wauza maji wa mikokoteni. Maji ya mkokoteni hujui yametoka wapi. Visima vya Mji wa Kale vimekaribiana na vyoo vya shimo, tena vingi vina chumvi, usivitumie. Ya mfereji yana klorini, yaweke wazi kwenye ndoo siku nzima kabla ya kuyatia. Bora zaidi ni maji ya kunywa yaliyosafishwa yanayouzwa madukani kwa mtungi. Kiasi kinachohitajika ni kidogo, mtungi mmoja unakwenda mbali. Na chombo cha shaba kisiguse maji ya tangi kabisa, wala dawa ya samaki yenye shaba. Kiasi ambacho samaki anakivumilia huua kamba, kaa na jamaa zao wote.

Kabla kamba hajaingia, tangi likae na mawe na mchanga wiki 4 hadi 6. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, nayo ni sumu. Bakteria wa aina moja huibadili ikawa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine huibadili naitraiti ikawa naitreti, ambayo kwa kiasi kidogo haina madhara makubwa. Bakteria hao hujenga makao yao kwenye vitundu vya mawe, na huchukua muda kuzaana. Hakuna njia ya mkato. Tia kipande cha kamba wa sokoni kioze humo, uwape bakteria chakula, usubiri. Mawe yawe ya matumbawe yaliyokufa zamani na kukauka. Usitumie kifusi cha nyumba kuukuu, ingawa ni tumbawe lilelile: kimekunywa rangi na chokaa kwa miaka mingi. Tumbawe hai usiguse. Matumbawe magumu yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, na mwamba wetu umekwisha kuumia vya kutosha.

Baada ya hapo kazi ya kila bamvua ni moja: toa lita 15 kwa mpira, ukifyonza uchafu ulio mchangani, ingiza lita 15 mpya zilizotekwa saa kumi jioni maji yanapomalizia kujaa. Ukiweza kwenda upande wa bahari kuu, Nyali au chini ya mnara wa taa wa Ras Serani, ni bora kuliko Bandari ya Kale. Upande wa Kilindini na Port Reitz uache kwa meli. Aprili 2005 mafuta ghafi yalimwagika huko, na hata bila ajali bandari kubwa haikosi mafuta majini. Wakati wa masika, mvua za Aprili na Mei zinapoteremsha maji ya mito hadi horini, teka mitungi ya akiba mapema uifunike. Maji ya bahari yaliyofunikwa kivulini hukaa wiki nyingi bila kuharibika. Yapulizie hewa siku moja kabla ya kuyatumia.

Pampu ya hewa iwe na betri. Stima ikipotea usiku wa joto, tangi dogo haliwezi kungoja hadi asubuhi.

Chakula chake kiko pwani yote: konokono wa baharini, kaa wadogo, kome, vipande vya kamba. Mpe kigumu mara mbili kwa wiki na usimshibishe kila siku. Kumtazama akila konokono ndiyo malipo ya kazi yote hii. Kwanza yanatokea macho, yamekaa juu ya vikonyo, kila moja likigeuka upande wake bila kulijali jenzake. Halafu papasi zinapepea juu ya konokono. Kamba anatoka nusu, anamgeuza konokono kwa miguu ya mbele, anatafuta ukingo wa mlango wa ganda, anarudi nyuma kidogo. Kipigo chenyewe hukioni. Unasikia mlio mkavu, kipande cha ganda kimeshadondoka, na yeye yuko palepale kana kwamba hakujisogeza. Anageuza tena, anapiga tena, mpaka nyama inaonekana. Kisha anamburuta ndani. Asubuhi maganda matupu yametupwa nje ya mlango, nawe unayaokota kwa koleo.

Mengi yameandikwa kuhusu macho hayo. Sisi tuna aina 3 za seli za kuonea rangi. Kamba vunjajungu wana hadi 12. Mwaka 2008 iligunduliwa kwamba wanaweza kuona hata mwanga ambao mtetemo wake huzunguka unaposafiri, jambo ambalo halikuwa limejulikana kwa mnyama yeyote. Hata hivyo mwaka 2014 Hanne Thoen na wenzake waliwajaribu kutofautisha rangi zilizokaribiana, wakaonekana ni wabaya kuliko sisi. Inaelekea hawalinganishi rangi moja na nyingine kama tufanyavyo. Wanaitambua kila rangi moja kwa moja, haraka, bila kutumia ubongo mwingi. Kwa mnyama anayeamua kupiga au kukimbia kwa kufumba na kufumbua, haraka ina thamani kuliko usahihi.

Siku moja hatatoka. Ameziba mlango kwa mawe na mchanga, hali, na mwenye tangi anaanza kuogopa. Anajivua ganda. Ganda la zamani linatoka lote, pamoja na rungu, na jipya ni laini. Kwa siku kadhaa hawezi kupiga chochote. Usiinue jiwe, usimtie chakula hai kitakachomshambulia, subiri. Mwaka 1983 Rick Steger na Roy Caldwell walieleza katika Science jambo la ajabu kuhusu siku hizo. Kamba aliyejivua ganda punde, akijiwa na mgeni mlangoni, huweza kujitokeza akatanua mikono yake kwa vitisho, ingawa hawezi kupigana. Mara nyingi mgeni huondoka. Anayehitaji tundu hilo kwa maisha yake yote ana haki ya kulitetea kwa njia yoyote aliyo nayo, na mimi hilo nalisoma kama onyo kwa mfugaji: tundu lake ni muhimu kwake kuliko chakula chako. Usilipange upya kwa ajili ya uzuri wa tangi. Wala usimwekee mwenzake au samaki. Mmoja kwa tangi, basi.

Kuhusu kumpata. Mbuga ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, inachukua kilomita za mraba 10, na ndani yake hakuna kinachoondolewa, iwe jiwe, ganda au kamba. Nje ya mbuga, uvuvi na biashara ya viumbe vya bahari viko chini ya sheria ya uvuvi ya 2016 na vinahitaji kibali. Biashara ya samaki wa mapambo ipo Kenya tangu miaka ya 1960. Wazamiaji huwakamata kwa nyavu ndogo za mkono, kisha wauzaji wenye leseni huwasafirisha kwa ndege. Nunua kwa muuzaji mwenye leseni, umweleze unataka Gonodactylus mdogo aliyekuja na jiwe lake. Usimtume kijana wa pwani akakuvunjie mwamba kwa nyundo saa nne ya bamvua. Kumpata kamba mmoja kwa njia hiyo hubomoa matundu ya viumbe kumi. Na ukimchoka usimrudishe baharini, kwani huenda akapeleka ugonjwa alioupata kwenye tangi. Mpe mfugaji mwingine.

Ukitaka kuanza, anza Septemba. Kusi inalegea, maji bado yana ubaridi, na vuli haijachafua hori. Teka maji bamvua ya kwanza, panga mawe, wape bakteria Oktoba yote. Kamba akiingia Novemba atakuwa na miezi minne ya kuzoea kabla joto la Machi halijafika. Kama nyumbani kwako hakuna atakayeteka maji kila bamvua, hata ukiwa safarini, basi mwache mwambani.